Seti ya Umwagiliaji wa Matone ya Robo Ekari: Ipimwe kwa Kisima, Si kwa Shamba

Seti ya umwagiliaji wa matone ya robo ekari, ambayo siku hizi inapatikana katika maduka ya pembejeo mjini Tabora, ni kifaa kizuri kinachouzwa kwa kipimo kisichofaa. Nimefikia uamuzi huo baada ya kuitumia kiangazi kizima, tangu mvua zilipokatika mwezi Mei hadi ziliporudi Novemba, katika bustani ya mboga iliyopo pembezoni mwa Manispaa, upande wa Itetemia. Mipira yenyewe inafanya kazi iliyokusudiwa, na mkulima aliyezoea kubeba keni ya kumwagilia atauona unafuu wake tangu wiki ya kwanza. Kasoro yake kubwa ni kwamba boksi linamtajia mnunuzi ukubwa wa shamba bila kumwambia lolote kuhusu kiasi cha maji ambacho shamba hilo litadai kila siku, ilhali katika mkoa wetu hilo ndilo swali la kwanza.

Nianze na vilivyomo. Nililipa shilingi laki sita na nusu, bila tenki na bila pampu, nikapewa mita 1,000 za mipira myembamba yenye kipenyo cha milimita 16, iliyotobolewa kila baada ya sentimita 30, bomba kuu la kugawa maji, viunganishi, vizibo vya mwisho wa mistari, chujio moja na koki moja. Karatasi ya maelekezo ilikuwa ya Kiingereza na Kichina pekee. Hilo si jambo dogo, kwa sababu wengi wanaonunua seti hizi hapa kwetu wanahitaji kuelezwa kwa Kiswahili kwamba chujio huoshwa kila siku, na kwamba kila mstari hufunguliwa mwisho wake mara kwa mara ili tope litoke. Muuzaji alinieleza yote hayo kwa mdomo, kwa upole na uvumilivu, na ninamshukuru kwa hilo; lakini maneno ya dukani husahaulika, na mkulima anapokwama shambani hana cha kurejea.

Karatasi hiyo inasema kwamba kila tundu hutoa lita 1.6 kwa saa. Kiasi hicho kinapatikana pale maji yanaposhuka kutoka kwenye tenki lililoinuliwa mita 10, au yanaposukumwa na pampu yenye nguvu ya namna hiyo. Minara ya tenki tunayojenga majumbani kwa mbao au kwa matofali ina urefu wa mita 2 au 3 tu. Kwenye mnara wangu wa mita 2, msukumo ni moja ya tano ya ule uliopimiwa kiwandani, na kwa kuwa maji yanayotoka hayapungui kwa uwiano uleule na msukumo, kila tundu lilitoa takriban lita 0.7 kwa saa. Nilithibitisha kwa vikopo: nilivitega chini ya matundu mwanzoni, katikati na mwishoni mwa mstari wa mita 30, nikasubiri saa nzima, nikapima. Vikopo vya mwisho vilikuwa na maji pungufu kwa karibu robo kuliko vya mwanzo. Kwa mboga za majani tofauti hiyo inavumilika. Kwa nyanya inaonekana kwa macho, kwa hiyo ninashauri mistari isizidi mita 20 pale ambapo tenki haliwezi kuinuliwa zaidi.

Sasa tuje kwenye hesabu ambayo boksi halikuifanya. Mita 1,000 za mpira zina matundu zaidi ya 3,300. Hata kwa kasi hiyo ndogo ya lita 0.7 kwa saa, seti nzima ikifunguliwa kwa pamoja inakunywa zaidi ya lita 2,300 kwa saa, maana yake tenki la lita 1,000, ambalo ndilo wengi wetu tunalo, linakauka kabla ya nusu saa kwisha. Mahitaji ya mimea nayo yako mbali zaidi. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Katika Septemba na Oktoba, jua likiwa kali na upepo ukiwa mkavu, bustani ya mboga iliyokwisha kufunika ardhi hutumia takriban milimita 5 kwa siku. Robo ekari ni kama mita za mraba 1,000. Kwa hiyo seti hii, ikitandazwa yote kama boksi linavyoelekeza, inahitaji karibu lita 5,000 kila siku katika miezi ambayo visima vyetu viko chini kuliko wakati wowote wa mwaka.

Ninawaomba wanunuzi wasome tena sentensi hiyo kabla ya kutoa fedha.

Mkoa wa Tabora hupata mvua ya wastani wa kati ya milimita 700 na 1,000 kwa mwaka, kiasi ambacho hakituweki miongoni mwa nchi za jangwa. Lakini karibu yote hunyesha kati ya Novemba na Aprili, na baada ya hapo inakuja miezi sita ambayo ardhi haipati kitu. Chini ya udongo wetu wa kichanga kuna miamba ya kale ya matale, ambayo haihifadhi maji kama sifongo. Maji yanakaa katika tabaka lililooza la juu ya mwamba na katika nyufa zake. Ndiyo sababu mtu mmoja anaweza kuchimba akapata maji mengi, na jirani yake, hatua chache kutoka hapo, akakutana na jiwe kavu. Pia ndiyo sababu kisima kinachofurika mwezi Mei kinaweza kuwa na maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu ifikapo Oktoba.

Kisima changu ni cha kuchimbwa kwa mkono, chenye upana wa mita 1.2. Kisima cha upana huo hubeba takriban lita 1,130 katika kila mita moja ya kina cha maji. Yeyote anayetaka kujua uwezo wa kisima chake afanye hivi: jioni ayavute maji mpaka alama fulani, aache kisima kipumzike usiku kucha, asubuhi apime maji yamepanda kiasi gani, kisha azidishe. Kipimo hicho kifanywe mwishoni mwa Septemba au mwezi Oktoba, kwa sababu kipimo cha Mei kitamdanganya. Changu, katika wakati wake mgumu, kilirudisha mita moja na nusu, yaani kama lita 1,700. Kutoka hapo nikatoa maji ya nyumbani. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 inataja lita 25 kwa kila mtu kwa siku kuwa kiwango cha chini cha huduma vijijini, nami sikuona sababu ya kuishusha familia yangu chini ya hapo. Nikatoa maji ya ng'ombe, ambao kila mmoja hunywa lita 30 au zaidi siku za joto, na ya majirani wanaochota kwangu visima vyao vinapokauka. Kilichobaki kwa bustani kilikuwa kama lita 1,000, zinazotosha mita za mraba 200.

Basi nilitandaza mita 200 za mpira tangu mwanzo, si mita 1,000. Kwa eneo hilo, tenki la lita 1,000 linachukua zaidi ya saa mbili kwisha, maji yanaingia polepole, na mizizi inapata nafasi ya kuyapokea. Mwezi Mei na Juni, kisima kikiwa na nguvu, niliongeza mistari michache ya mchicha na chainizi, ambazo huvunwa mapema, nikaifunga kadiri maji yalivyoshuka. Kufanya hivyo kulinilazimu kununua koki ndogo za kila mstari, kwa sababu seti ina koki moja tu ya bomba kuu. Hii kwangu ni kasoro ya msingi kuliko hata lugha ya maelekezo. Mkulima wa eneo kame anahitaji uwezo wa kupunguza shamba katikati ya msimu, na kifaa kinachomlazimisha kumwagilia vyote au kuacha vyote kimetengenezwa kwa ajili ya mahali ambapo maji hayapungui.

Jirani yangu mmoja, mzee aliyechimba visima vingi vya mtaa wetu enzi za nguvu zake, alipita siku nilipokuwa nikiunganisha mipira, akauliza kama ninaongeza shamba. Nilipomjibu, "Hapana, mzee wangu, ninapunguza maji," akasema: "Afadhali, mwanangu. Huku juu kila mtu ana kisima chake, lakini huko chini hakuna mpaka." Hakuna mtaalamu aliyewahi kunieleza suala la maji ya ardhini kwa ufupi na kwa ukamilifu kiasi hicho. Pampu ya sola ikivuta mchana kutwa kwangu, usawa wa maji unashuka hata katika kisima cha mjane wa upande wa pili wa njia, ambaye hana pampu wala tenki, ana kamba na ndoo.

Hapa ndipo ninapotofautiana na maneno yaliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, kwamba kifaa kinaokoa maji. Kwa bustani yangu ni kweli nilitumia kama theluthi moja pungufu kuliko nilipokuwa nikimwagilia kwa keni eneo hilohilo. Lakini maji ya keni yanayopita chini ya mizizi katika udongo wa kichanga hayapotei yote. Sehemu yake hurudi ardhini na kuelekea kwenye visima vilevile. Yanayopotea kweli ni yale yanayopanda hewani kupitia udongo na majani. Kwa hiyo mtu akiokoa maji kwa mipira, kisha akayatumia kupanua shamba, majani yanaongezeka, yanayopanda hewani yanaongezeka, na yanayorudi ardhini yanapungua. Kifaa kilichonunuliwa kwa nia ya kuhifadhi maji kinageuka kuwa njia ya kuyamaliza haraka zaidi. Hali hiyo imeonekana katika nchi kame zilizotutangulia. Hispania na Moroko, serikali zimechangia sehemu kubwa ya gharama za umwagiliaji wa matone, na watafiti wamekuta kwamba matumizi ya maji hayakushuka kama ilivyotarajiwa, kwa kuwa wakulima waliongeza mashamba au walihamia mazao yenye kiu zaidi.

Mfano wa nyumbani tunaujua, ingawa huko kilichotumika ni mifereji. Mto Ruaha Mkuu, ambao zamani ulitiririka mwaka mzima, tangu 1993 umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, sababu kubwa ikiwa ni maji yanayochepushwa kwenda mashambani katika bonde la Usangu. Wakulima wa Usangu si watu wabaya. Mpunga wao unalisha miji yetu. Kila mmoja alichukua kidogo, na hakuna aliyekuwa na wajibu wa kujumlisha. Sisi wa Tabora mito yetu ni midogo zaidi, mingi ni ya msimu, na inapeleka maji yake Ugalla na Malagarasi, au mashariki kwenye mbuga ya Wembere ambako hayana njia ya kufika baharini. Tukianza kujumlisha baada ya kukauka, tutakuwa tumechelewa.

Kuhusu mazao nitasema kwa ufupi. Nyanya, hoho na nyanya chungu zilinawiri, magonjwa ya majani yalipungua kwa sababu majani hayakuloweshwa, na palizi ilikuwa nyepesi kwa kuwa kati ya mistari palikuwa pakavu. Vitunguu havikufaa sana. Vinapandwa kwa kubanana, na katika udongo wa kichanga maji ya tundu moja hayasambai zaidi ya sentimita 15 au 20 kila upande, hivyo safu za katikati zilidhoofika. Mwenye udongo mzito wa mbuga atapata matokeo tofauti, kwa sababu huko maji husambaa kwa upana.

Matandazo ndiyo nusu ya pili ya kifaa hiki, na hayaji kwenye boksi. Bila kufunika udongo kwa nyasi kavu au pumba za mpunga, jua la Oktoba linakula sehemu ya maji uliyoyaokoa. Tatizo letu ni mchwa. Nyasi zikiachwa ardhini kwa wiki chache mchwa wanazimaliza, kwa hiyo nilikuwa nikiongeza kidogo kidogo badala ya kuweka tabaka nene kwa mara moja, na pumba zilidumu kuliko nyasi. Panya nao, wakiwa na kiu, hutafuna mipira. Mipira ya seti hii ina unene wa milimita 0.2, ambao ni mdogo mno kwa mazingira ya kwetu. Ipo yenye unene wa milimita 0.4, nayo ni ghali zaidi, lakini ningependa duka liiweke iwe chaguo la kawaida. Kinachosaidia kwa sasa ni kuwawekea panya chombo cha maji pembeni mwa bustani. Kimepunguza matoboko kwa kiasi ninachoweza kukiri bila kusita.

Maji ya visima vingi vya huku yana chuma. Yakikaa kwenye tenki hutengeneza utelezi wa rangi ya kutu, na utelezi huo ndio unaoziba matundu kuliko hata mchanga. Chujio lililokuja na seti linazuia mchanga vizuri, ila utelezi unajijenga baada ya chujio, ndani ya mipira yenyewe. Dawa yake ni kuacha maji yatulie kwenye tenki la kwanza kabla ya kuyapeleka kwenye la pili, na kufungua miisho ya mistari kila wiki. Atakayepuuza hilo ataona matundu yakifa mmoja baada ya mwingine kabla ya msimu kwisha.

Kuna mambo ambayo kifaa hiki hakiwezi kuyafanya, na si haki kukidai. Nimesikia watu wakiuliza kama kinafaa kwa mahindi ya ekari tano wakati wa kiangazi. Hakifai, na hakuna kisima cha mkono kitakachobeba shamba hilo. Maji ya mahindi yetu yapo kwenye mvua. Mvua ya milimita 900 inamwaga zaidi ya lita milioni tatu na nusu juu ya kila ekari, na sehemu yake inatiririka kwenda mabondeni huku tukiitazama. Matuta yaliyofungwa kwa vizuizi vidogo kila baada ya hatua chache yanayabakiza maji hayo palepale yalipoangukia, na hayagharimu ila jasho. Majaruba ya Igunga na Nzega, yaani mashamba yaliyozungushiwa kingo za udongo, yanafanya kazi hiyohiyo kwa mpunga katika udongo wa mbuga. Mtu mwenye laki sita na nusu ambaye bado hajafunga matuta ya shamba lake la mvua, nitamshauri aanze na matuta.

Kwa upande mwingine, kuna matumizi ambayo wauzaji hawayatangazi, nayo yangefaa sana: vitalu vya tumbaku. Kuanzia Agosti, wakulima wa mkoa huu hushuka mabondeni kuotesha miche, na vitalu vingi husogezwa karibu kabisa na vijito kwa sababu keni ni nzito na njia ni ndefu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vingine vya maji, na sote tunajua jinsi mita hizo zinavyosahaulika. Tenki dogo na mistari michache ya mipira ingeruhusu kitalu kukaa mbali na kijito bila kumuua mama anayekimwagilia. Kwa miche iliyobanana, mistari italazimika kuwekwa karibukaribu, sentimita 20 hivi, na kwa eneo dogo la kitalu hilo linawezekana.

Muuzaji pia hakutaja vibali. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, kuchota maji kwa matumizi ya nyumbani hakuhitaji kibali, lakini anayevuta maji kwa ajili ya umwagiliaji wa biashara anatakiwa kukiomba kwenye bodi ya maji ya bonde lake. Kwa sisi wa Manispaa ni bonde la Ziwa Tanganyika, ambalo ofisi yake ipo Kigoma. Duka linalouza pampu na mipira kwa mamia ya wakulima lingefanya jambo la maana kubandika taarifa hiyo ukutani. Vilevile lisiwashauri wateja wa mjini kuunganisha seti kwenye bomba la maji ya Ziwa Victoria, kama nilivyosikia mtu akishauriwa. Maji hayo yamechotwa Ihelele, Misungwi, yakasafishwa na kusukumwa mamia ya kilomita hadi kutufikia. Yamelipiwa kwa ajili ya kunywewa.

Huduma baada ya mauzo ni ya wastani. Viunganishi na vizibo vya milimita 16 vinapatikana wakati wote, na fundi wa duka hujibu simu. Chujio la akiba halikuwepo Tabora, nikaagiziwa kutoka Mwanza na likachelewa hadi bustani ikaanza kunyauka, kwa hiyo ninashauri mnunuzi adai la pili siku ileile anapolipa. Aidha duka linakataa kuuza seti nusu. Mkulima ambaye kisima chake kinabeba mita za mraba 200 analazimika kununua mipira ya mita 1,000, na kinachobaki kinamshawishi kila siku akitandaze. Nilimweleza mwenye duka kwamba angepata wateja wengi zaidi kama angekata mipira kwa mita, aiuze pamoja na koki za kila mstari, na kumuuliza kila anayeingia kisima chake kinarudisha maji kiasi gani usiku mmoja wa Oktoba. Ameahidi kulifikiria kabla ya kuagiza mzigo mwingine.